Mvinyo wa Soave una kwao, mtama wa Homa Bay na Migori je?

WAITALIANO wana ada moja ambayo mpenzi yeyote wa kinywaji, hata yule asiyewahi kuvuka mpaka wa Isebania, anafaa kuitafakari. Aghalabu mvinyo wao hupewa jina la mahali ulikozaliwa. Hautajwi kwa sifa ya kubuniwa na wauzaji, wala kwa jina la tajiri mwenye kiwanda. Hutajwa kwa mji, kilima au bonde.

Mfano mzuri ni Soave. Huu ni mvinyo mweupe, mkavu, usio ghali, unaouzwa kote duniani. Ni jina pia la mji mdogo ulio zaidi ya kilomita 20 mashariki mwa Verona, kaskazini mashariki mwa Italia. Mji wenyewe umezungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 14, na juu yake pana ngome ya kale. Chini ya ngome hiyo, mizabibu imeteremka kilimani hadi karibu na milango ya nyumba za watu.

Anayeunywa kwa mara ya kwanza hukuta uchachu mwanana unaouamsha ulimi, kama maji yaliyotiwa tone la limau, kisha mwishoni husalia ladha hafifu ya lozi. Si mvinyo wa kumfanya mtu ahutubu. Ni wa kunywewa ungali mchanga, ukiwa baridi, pamoja na mlo wa kawaida. Watu wa Verona huunywa kwa samaki wa Ziwa Garda, lililo upande wa pili wa jiji lao. Mkazi wa Mbita au Muhuru Bay, aliyekulia kando ya ziwa kubwa kuliko hilo mara nyingi, hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu samaki na kinywaji baridi.

Uchachu huo una sababu. Zabibu iitwayo Garganega, ambayo kwa mujibu wa kanuni lazima iwe angalau asilimia 70 ya mvinyo wa Soave, huchelewa kuiva. Katika vilima vyenye usiku wa baridi, tunda hupata sukari polepole bila kupoteza asidi yake. Isitoshe, sehemu kubwa ya vilima hivyo ina udongo mweusi uliotokana na volkano, na kwingine ni chokaa. Wataalamu hubishana kuhusu ni kiasi gani cha ladha kinachotoka ardhini, lakini hakuna anayebisha kuwa zabibu za kilimani hushinda zile za bondeni.

Hapa ndipo sheria ilipoingia. Mnamo 1931 eneo la kale la vilima vya Soave liliwekewa mipaka rasmi. Mnamo 1968 mvinyo huo ukatambuliwa katika mfumo wa kitaifa wa majina ya asili yanayodhibitiwa. Maana yake ni kuwa mtu wa Sicily, au wa Roma, hawezi kukamua zabibu zake akaandika Soave kwenye chupa. Sheria hutaja mipaka ya shamba, aina ya zabibu, kikomo cha mavuno na kiwango cha chini cha kileo. Jina limekuwa mali ya watu wa pale, mfano wa shamba lenye hatimiliki.

Ni muhimu kutambua kuwa wenye mali hiyo, kwa wingi wao, si mabwanyenye. Chama cha ushirika cha mji huo, Cantina di Soave, kilianzishwa mnamo 1898 na leo kina wanachama zaidi ya 2,000, wengi wao wakulima wa mashamba ya kadiri. Mkulima hupeleka zabibu, chama hukamua, hutia chupani na kutafuta soko. Mvinyo huuzwa kwa bei ambayo fundi wa gereji anaimudu, na bado mkulima hapotezi jina la kwao.

Tusidhani, hata hivyo, kuwa jina pekee ni kinga. Sheria ya 1968 iliupanua mno mpaka wa Soave hadi kwenye mashamba ya tambarare, ambako mzabibu huzaa kwa wingi na kwa ulegevu. Katika miaka ya sabini mvinyo huo uliuzwa kwa wingi mno nchini Marekani, na kadiri ulivyouzwa ndivyo ulivyozidi kuwa kama maji. Sifa ikaanguka. Ilichukua kizazi kizima cha wakulima wa vilimani kuirejesha, na hadi leo mnunuzi mwerevu hutafuta neno Classico kwenye chupa, yaani mvinyo wa lile eneo la awali.

Msomaji wa Rongo au Oyugis huenda akauliza yote haya yanamhusu vipi. Kwanza, chupa hiyo ya bei nafuu si ya bei nafuu kwake. Ikishavuka bahari hutozwa ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa bidhaa na ushuru wa VAT, kisha huongezewa gharama ya lori na faida ya mwenye duka. Kinywaji cha fundi wa Verona hufika Homa Bay kikiwa cha meneja wa benki. Unafuu una kwao pia.

Hivyo basi swali la haki ni hili: kinywaji cha bei nafuu cha Homa Bay na Migori ni kipi, na je, kinajulikana kwao?

Jibu la kale lilikuwa rahisi. Katika nchi ya Waluo pombe ilikuwa kong'o, iliyotengenezwa kwa nafaka ya nyumbani, hasa mtama na wimbi, na baadaye mahindi. Wengi nchini huijua kwa jina la busaa. Unga ulikandwa na maji ukaachwa siku kadhaa uchachuke, ukakaangwa juu ya moto hadi ukawa makombo ya rangi ya kahawia, kisha ukaanikwa juani. Makombo hayo yalitiwa maji na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, ambacho Waluo hukiita thowi. Kimea ndicho kilichogeuza wanga kuwa sukari, na hamira ikaigeuza sukari kuwa kileo, kidogo tu.

Wazee waliinywa katika duol, nyumba ya mwenye boma, wakiwa wameketi kuzunguka nyungu moja. Kila mmoja alikuwa na oseke, mrija mrefu wenye kichujio nchani, na maji moto yaliongezwa nyunguni kila mara. Haikuhitaji kibandiko cha kueleza ilikotoka. Kila mnywaji alilijua shamba, alimjua mama aliyeipika, na kama ilikuwa mbovu alijua atakakopeleka malalamishi yake.

Ulevi pia ulijulikana, na ulionywa. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la kijani kibichi, Simbi Nyaima, lililo ndani ya shimo la volkano. Wenyeji husimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji kilichokesha kikinywa na kucheza ngoma. Ajuza mmoja mgeni alifika usiku akiomba hifadhi, akafukuzwa na walevi. Ni mwanamke mmoja tu aliyemhurumia. Usiku huohuo maji yakafurika, kijiji kikazama na pombe yake yote. Wanajiolojia wana maelezo yao tofauti kuhusu ziwa hilo, lakini sijasikia wakieleza kwa nini ajuza yule alinyimwa hata mahali pa kulala.

Kwa kuwa tumetaja volkano: Mlima Homa, katika rasi inayoingia Ghuba ya Winam, ni mabaki ya volkano, na miamba ya Rusinga na Gwassi ilitokana na volkano nyingine ya kale iitwayo Kisingiri. Mtu anaweza kushawishika kusema kuwa basi mizabibu ya Soave ingestawi pale. Pole kwake. Mzabibu hupenda kulala wakati wa baridi kali, nasi hatuna majira hayo, na unyevu wa ziwa ungewaalika ukungu na kuvu. Ardhi hizi mbili zimefanana kwa mawe tu. Mmea wa pale ni zabibu, mmea wa hapa ni mtama.

Kilichoitenga kong'o na nyumbani kwake ni sheria. Tangu enzi ya wakoloni pombe ya Mwafrika ilitazamwa kwa jicho la polisi, ikatakiwa leseni au ikapigwa marufuku, na serikali huru ziliendeleza mtindo huo. Mnamo 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kuharamisha chang'aa. Matokeo yake hayakuwa watu kuacha kunywa. Pombe isiyo kali, inayochukua siku nyingi kutengenezwa na nafasi kubwa kufichwa, iliachia nafasi pombe kali inayobebwa katika kibuyu cha plastiki. Mpishi anayekimbizwa na askari hatapika kinywaji cha nyungu kubwa.

Katika sehemu hii ya nchi mageuzi hayo yalirahisishwa na miwa. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza, maarufu kama Sony, ilianza Awendo katika miaka ya sabini, na baadaye kiwanda kingine kikajengwa Ndhiwa. Pembeni mwa viwanda vikubwa pakawa na vijiwanda vya sukari guru. Sukari guru ikitiwa maji na hamira huchachuka upesi, na ikikenekwa hutoa chang'aa. Mashamba yaliyokuwa ya mtama yakawa ya miwa, na mangwe yaliyokuwa ya kong'o yakawa ya chang'aa.

Hatari kubwa ya kinywaji kisicho na kwao si ukali wake pekee. Ni kwamba mnywaji hawezi kujua kilichomo. Wafanyabiashara wakatili huongeza methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mwilini hugeuka kuwa asidi inayoua neva za macho na hatimaye mtu mwenyewe. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 120 walifariki katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Mei 2014 wengine zaidi ya 60 walikufa katika Embu, Kiambu na kaunti nyingine. Februari 2024 msiba ukabisha hodi Kirinyaga. Kila mara maafisa huuliza pombe ilitoka wapi, na kila mara jibu huwa halina mji.

Hapo ndipo bia ya pipa ilipoingia. Mnamo 2004 kampuni ya East African Breweries ilizindua Senator Keg, bia ya kuuzwa bila chupa, ikichotwa kutoka pipa la chuma hadi kikombeni. Serikali ilikubali kupunguza ushuru wake ili mtu wa kipato cha chini apate kinywaji salama badala ya chang'aa. Bei ilishuka kwa sababu tatu: ushuru mdogo, kukosekana kwa chupa na kibandiko, na hatimaye kutumiwa kwa nafaka ya humu nchini. Walevi nao hawakukosa ucheshi. Kwa vile wakati huo Barack Obama alikuwa seneta nchini Marekani, Senator ikabatizwa Obama, na mtu akaweza kuagiza Obama mbili bila kumkosea heshima yeyote.

Kabla ya muongo huo kwisha, kampuni ilianza kutafuta mtama kwa wakulima wa mkataba, kwanza katika maeneo makavu ya mashariki mwa nchi, kisha huku magharibi: Siaya, Busia, Kisumu, Homa Bay na Migori. Kwa mara ya kwanza tangu enzi ya duol, mtama wa kaunti hizi mbili ukaanza tena kuwa kinywaji halali.

Lakini si mtama wowote. Viwanda hupenda Gadam, mbegu fupi yenye punje nyeupe inayokomaa kwa takriban miezi mitatu. Mtama wa jadi wa Nyanza, kama ule uitwao Ochuti, ni wa rangi ya kahawia au mwekundu. Rangi hiyo huandamana na tanini, ukakasi uleule unaouhisi katika chai ya rangi iliyokolea. Tanini huvizuia vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na kumchelewesha mpika bia. Hata Gadam yenyewe haina vimeng'enya vya kutosha kama shayiri, ndiyo maana kiwanda huongeza vya dukani au kimea cha shayiri.

Sasa tumgeukie ndege. Tanini inayomkera mpika bia humkera kweleakwelea pia. Mtama mwekundu huachwa hadi mwisho, ilhali shamba la Gadam ni karamu yenye mlango wazi. Mkulima wa Karachuonyo au Nyatike akipanda nyeupe, lazima awe na watu wa kupiga makelele tangu alfajiri, nyuzi za kuning'iniza makopo, na bahati. Mnamo Januari 2023 makundi ya ndege hao yalivamia mashamba ya mpunga katika Kaunti ya Kisumu hadi serikali ikalazimika kunyunyizia sumu. Chini ya ardhi kuna adui mwingine, gugu lenye maua ya zambarau ambalo Waluo huliita kayongo. Hujishikiza kwenye mizizi ya mtama na mahindi na kunyonya uhai wake kabla hata halijachomoza.

Kwa hivyo, anapokuambia mtu kuwa mtama ni zao la wavivu kwa kuwa linastahimili ukame, mwombe aende akaamie ndege Kanyada kwa wiki moja.

Pigo kubwa kuliko ndege, hata hivyo, lilitoka Nairobi. Mnamo 2013 serikali iliamua kutoza bia ya mtama asilimia 50 ya ushuru wa bidhaa. Bei ya kikombe ikapanda, na mauzo yakaporomoka kwa takriban robo tatu au zaidi. Kampuni ikapunguza ununuzi wa nafaka, na wakulima waliokuwa wameshapanda wakabaki na magunia. Sisemi kuwa ushuru huo ndio uliowaua waliokunywa sumu mwaka uliofuata. Nasema tu kuwa mtu aliyezoea kikombe cha bei fulani hahamii kwenye bia ghali bei inapopanda. Huteremka ngazi, na ngazi ya chini ina giza.

Serikali nayo iliona. Mnamo 2015 msamaha wa asilimia 90 wa ushuru uliwekwa, na soko likaanza kufufuka. Mwaka wa 2017 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizindua ujenzi wa kiwanda cha bia mjini Kisumu kwa gharama ya Sh15 bilioni. Kiwanda hicho kilianza kutoa bia kabla ya muongo kwisha. Kwa mkulima wa Homa Bay, lori la mtama halikuhitaji tena kupanda hadi Nairobi. Mto wa bei bado una mawe yake, kwani kila Bajeti inaposomwa mwezi wa Juni wakulima husikiliza redio kwa makini kuliko mashabiki wa Gor Mahia, lakini maji yanapita.

Na bado, nenda katika baa yoyote ya Homa Bay mjini ukaulize bia iliyo ndani ya pipa imetoka shamba gani. Utacheka kabla ya mhudumu. Mtama wa Rangwe huchanganywa na wa Kitui na wa Busia, ukasagwa, ukapikwa, ukatiwa ndani ya chuma kisicho na maandishi ila la mwenye kiwanda. Mnywaji wa Suna hana njia ya kujua kuwa anakunywa jasho la jirani yake. Mkulima naye hana jina la kumwezesha kusema: huu ni wetu, ulipie zaidi kidogo, au tutampa mwingine.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya pipa na chupa ya Soave, na haihusu ladha. Kwenye mvinyo, mji ndio mwenye jina na mfanyabiashara hukodisha. Kwenye bia ya pipa, mfanyabiashara ndiye mwenye jina na mji haumo kabisa. Siku anunuzi akibadili mawazo, akapata nafaka ya bei ya chini kwingineko au ushuru ukambana, mwenye shamba hana alichobaki nacho isipokuwa ndege.

Watakaosema mambo haya ni ya Ulaya wavuke mpaka pale Isebania, wapite Sirari, waendelee kusini hadi katikati mwa Tanzania. Dodoma ni nchi kavu ya Wagogo, wakulima na wafugaji. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu huko Bihawana kabla ya uhuru, kwa ajili ya divai ya misa. Ikaonekana kuwa katika uwanda huo wa juu na mkavu, mzabibu ukipogolewa ipasavyo huzaa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Soave haiwezi. Leo huko hulimwa zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, kwa jina la kijiji, pamoja na Chenin Blanc ya mvinyo mweupe. Miaka ya 2000 Waitaliano walirudi, safari hii kama wawekezaji, wakajenga kiwanda Hombolo.

Ubora wa mvinyo wa Dodoma hupanda na kushuka, na wakulima wake wamelalamika mara nyingi kuhusu zabibu kukosa mnunuzi. Sitaki kuupamba. Lakini chupa huandikwa Dodoma. Mtanzania akiwa Arusha au Mwanza huomba Dodoma, na jina hilo haliwezi kuhamishwa na bodi ya kampuni yoyote. Hapa Kenya tumejaribu pia Naivasha, ambako mvinyo uitwao Leleshwa umepewa jina la kichaka cha Bonde la Ufa.

Je, sheria za Kenya zinaruhusu Homa Bay na Migori kufanya vivyo hivyo kwa kinywaji cha mtama? Zinaruhusu zaidi ya wengi wanavyodhani. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile iliyoitwa Sheria ya Mututho, iliifuta ile ya 1980 ya kuharamisha chang'aa na kuruhusu pombe za jadi, mradi zitimize viwango na mpishi awe na leseni. Vivyo hivyo Katiba ya 2010 iliwapa magavana na mabunge ya kaunti mamlaka ya kutoa leseni za vileo. Sheria ya Alama za Biashara nayo ina kifungu kinachoruhusu chama kusajili alama ya pamoja, ikiwemo ile inayotaja eneo la asili ya bidhaa. Vikapu vya Taita vilipata alama ya namna hiyo.

Kizuizi si sheria basi, ni kazi. Ili jina liwe na maana lazima pawe na chama cha ushirika chenye vitabu safi, na historia ya vyama vyetu si ya kujivunia. Lazima pawe na makubaliano kuhusu mbegu: je, tuupande Gadam kwa ajili ya kiwanda, au tuutunze Ochuti kwa ajili ya kong'o? Kwa maoni yangu hapa ndipo penye fursa. Kiwanda kikubwa hakiwezi kuupenda mtama mwekundu, kwani kinataka mamilioni ya lita zilizo sawasawa. Mpishi mdogo mwenye leseni anaweza. Ukakasi ambao ni kasoro ndani ya pipa ndio ladha ya nyunguni, na ndege huuachia shamba. Garganega nayo ni zabibu ambayo kwingine duniani haina wapenzi wengi.

Lazima pia pawe na mipaka, na hapo ndipo ugomvi utakapozuka. Ni nani atakayesema Homa Bay yaanzia wapi kwenye ladha? Kuria, upande wa Migori, wana mapishi yao ya wimbi na lugha yao, na hawatakubali kumezwa katika jina la Kiluo. Suba wa Mfangano na Rusinga vivyo hivyo. Watu wa Soave walipingana kuhusu mipaka kati ya vilima na tambarare kwa miaka mingi. Kosa lao la 1968, la kumkaribisha kila mtu ndani ili mauzo yapae, linafaa kusomwa na bunge lolote la kaunti kabla ya kupitisha mswada wa aina hii.

Usafi ni suala jingine. Kong'o huharibika upesi kwa kuwa haichujwi sana wala haichemshwi baada ya kuchachuka, na ndani ya siku chache huwa siki. Mvinyo mweupe ulikuwa na tatizo lilo hilo hadi wapishi walipojifunza kuchachusha ndani ya matangi ya chuma yaliyopozwa. Baridi ndiyo iliyoleta ule uchachu mwanana tunaousifu. Mvinyo mweupe wa zamani wa mashambani mara nyingi ulikuwa wa rangi ya kahawia na harufu ya kuchoka. Tangi la kupoza, umeme wa kutegemewa na maji safi vikipatikana Rongo au Kendu Bay, pombe ya mtama inaweza kukaa wiki kadhaa na kusafiri hadi Kisumu. Vinginevyo itabaki kinywaji cha kijijini cha siku moja, jambo ambalo si aibu hata kidogo, lakini halimlipii mkulima karo ya shule.

Iwapo, kwa bahati au kwa mgeni aliyetoka Ulaya, chupa ya Soave itakufikia, usiifiche kabatini kungojea harusi. Mvinyo huo hauzeeki kwa heshima, isipokuwa chache za vilimani. Upoze hadi nyuzi 8 au 10, mkaangie mgeni wako ngege mbichi wa Mbita na umtilie ndimu, kisha ukaange mboga za dek au osuga kandoni. Mkiumaliza na bado mazungumzo yapo, muulize mwenyeji ni nani jirani aliye na leseni ya kupika kong'o ya mtama mwekundu. Kwa sasa atakuelekeza kwenye baa ya pipa.